Taa Zinawaka, Stata Haizunguki

Saa mbili asubuhi, msimu umepamba moto, wageni sita wameshavaa helmeti na miwani ya vumbi. Kiongozi wa msafara amewasha pikipiki yake. Ya pili imewaka, ya tatu imewaka. Ya nne inatoa sauti moja, "ta!", halafu kimya. Sisi tunaokodisha pikipiki za magurudumu manne, yaani kwadi, huku kaskazini ya Unguja, kuanzia Nungwi na Kendwa hadi vijiji vya ndani, hiyo "ta" tunaijua kuliko milio ya simu zetu. Kijana anabonyeza tena: "ta!" Anawasha taa ya mbele, inawaka nyeupe pe. Basi hukumu inatoka pale pale: betri nzima, stata imekufa.

Hukumu hiyo nimeshaitoa mimi mwenyewe, na nimeilipia. Nilinunua stata mpya, nikaifunga, "ta!" Nikarudi mjini kuchukua rilei ya stata, nikaifunga, "ta!" Siku ya tatu nimekaa kivulini na spana mkononi, akapita mzee mmoja ambaye riziki yake ni mashine za boti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo bado tu?"

"Bado. Nimeshabadilisha kila kitu."

"Mita unayo?"

Mita ninayo, ile ya bei rahisi ya rangi ya manjano inayopatikana kila duka la vifaa vya umeme. Alichofanya hakikumaliza dakika mbili. Ncha moja aliigusisha kwenye terminali hasi ya betri, ya pili kwenye chuma cha injini, mahali alipopakwangua mpaka pakang'aa. "Bonyeza." Nikabonyeza. Mita iliyokuwa kwenye sifuri ikapanda hadi volti 4 na kitu. Akaniangalia. "Betri yako ina volti kumi na mbili. Nne zimekwama njiani. Fuata waya."

Nikaufuata waya mweusi kutoka betri hadi unapofungwa kwenye fremu, chini ya kiti. Bolti ya spana namba 10, imekaza, kwa macho haina kasoro. Nilipoifungua nilikuta unga wa kijani chini ya kichwa cha waya, na kutu iliyopanda juu ya rangi. Nikapiga msasa, nikabana tena, nikapaka mafuta mazito. Ikawaka nilipobonyeza mara ya kwanza. Stata niliyoitoa ilikuwa nzima. Rilei niliyoitoa ilikuwa nzima.

Tangu siku hiyo nina sheria moja tu kwa vijana wangu: hakuna spea inayonunuliwa kabla mita haijasomwa huku mtu amebonyeza kitufe. Huku amebonyeza, si kabla. Makala haya yote ni maelezo ya sheria hiyo.

Kwa nini taa iwake na stata ikatae, na umeme unatoka kwenye betri ile ile? Chukua mpira wa maji uliokunjika katikati. Ukiziba mdomo wa mpira kwa kidole, maji yanasukuma kwa nguvu zote, utadhani hakuna tatizo. Ukiachia kidole maji yatoke kwa wingi, yanachuruzika tu, maana pale penye kunjo hayapiti ya kutosha. Taa ya mbele inahitaji umeme kidogo, ampia chache, na zile za LED hata pungufu. Stata ya kwadi ndogo inakula makumi ya ampia kwa mkupuo. Kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827 inatupa hesabu yenyewe: volti zinazopotea njiani ni ampia mara ukinzani. Bolti yenye kutu ikiwa na ukinzani wa omu 0.05, kitu ambacho mita ya kawaida hata haikionyeshi sawasawa, taa ya ampia 2 itapoteza pale volti 0.1, na jicho halitajua. Stata ya ampia 60 itapoteza pale pale volti 3. Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi wa afya ya njia ya stata. Honi nayo ni hivyo hivyo. Ni shahidi ambaye hakuwapo kwenye tukio.

Ndiyo maana hata kupima waya kwa ile alama ya mlio kwenye mita, yaani ukiunganisha inalia "piii", kunadanganya. Waya wenye uzi mmoja mzima kati ya hamsini utalia. Utakapoupa kazi ya stata, utapata moto na kusalimu amri.

Kabla ya mita, lakini, yapo masikio. Mfumo wa kuwashia una njia mbili. Ya kwanza ni ya nyaya nyembamba: ufunguo, fyuzi, swichi nyekundu ya kuzimia, swichi ya breki au ya gia, kitufe cha dole gumba, na koili ndogo iliyo ndani ya rilei. Njia hii kazi yake ni kutoa amri tu. Ya pili ni ya nyaya nene: betri, vichwa vikubwa viwili vya rilei, stata, chuma cha injini, kisha ethi, ule waya mweusi, kurudi betri. Hii ndiyo inayobeba mzigo. Ile "ta" ni rilei inayovuta, maana yake amri imefika. Mtu aliyesikia "ta" halafu akaanza kuchokoa kitufe na ufunguo anapoteza asubuhi yake. Na aliyesikia kimya kabisa halafu akaanza kufungua stata, naye vile vile.

Kimya kabisa ndicho chepesi, tukipite haraka. Kwadi zina tofauti na bodaboda: mikono ya usukani imepangwa kwa namna yake. Gesi inasukumwa kwa dole gumba la kulia, kwa hiyo kitufe cha kuwashia na swichi nyekundu vimewekwa upande wa kushoto, na mgeni akipanda au akigeuza usukani, anaigonga ile nyekundu bila kujua. Angalia hapo kwanza. Nyingine zina kamba ya usalama inayochomekwa nyuma au kwenye usukani. Ikichomoka, injini haiwaki. Kisha kuna breki. Kwenye kwadi nyingi ndogo za Kichina umeme wa kitufe unapitia swichi ya breki, kwa hiyo usipobana breki utabonyeza mpaka jua lizame. Jaribio lake ni rahisi: bana breki, mtu wa pili aangalie taa ya nyuma. Isipowaka, na balbu ni nzima, swichi ya breki imejaa mchanga au waya wake umechomoka. Za gia zinataka gia iwe fri, na ile taa ya kijani ya fri iwake. Baada ya hapo fyuzi, kwa kawaida iko karibu na betri. Itoe uipime, usiitazame tu, kwani nyingine hukatika penye mguu ambapo jicho halifiki. Na tafadhali, ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ibaki kwenye pakiti. Fyuzi ya ampia 15 ikikatika, weka ya ampia 15. Ikikatika tena, kuna shoti mahali, na karatasi ya sigara itaitafuta shoti hiyo kwa kuunguza nyaya zote.

Ikiwa yote hayo ni sawa na kimya kinaendelea, nenda kwenye rilei. Ina nyaya nyembamba mbili. Weka ncha za mita kwenye hizo mbili, moja huku na moja kule, si kwenye fremu, kwa sababu baadhi ya watengenezaji hukata amri upande wa chanya na wengine upande wa ethi. Mtu abonyeze. Mita ikisoma volti 12 au karibu yake na rilei haitoi sauti, rilei imekufa, kanunue. Isiposoma kitu, rilei haina hatia. Rudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kwenye kitufe.

Sasa tuje kwenye kelele. Mlio wa haraka haraka, "tatatatata" kama cherehani, karibu kila mara ni betri iliyochoka au terminali iliyolegea. Rilei inavuta, stata inadai umeme, volti zinaporomoka hadi rilei yenyewe inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. "Ta" moja na kimya ni njia nene au stata yenyewe. Stata ikizunguka kivivu, kama mtu aliyeamshwa wakati wa daku halafu hajisikii kula, ni betri au ethi, mara chache ni stata. Ikivuma "wiii" kwa kasi na injini haigeuki, umeme hauna neno: klachi ya stata au gia zake ndani ndizo zilizoachia, hiyo ni kazi ya kufungua injini.

Betri. Ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2.1 hivi, ndiyo maana betri iliyojaa na kutulia kwa saa kadhaa husoma 12.6 hadi 12.8. Neno "kutulia" lina uzito hapo: betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi inajigamba, itasoma 13 na zaidi, lakini ni povu la juu tu. Kwenye 12.2 umebaki na nusu. Kwenye 12.0 umebaki na robo hivi, na watu wengi wanaiona hiyo 12.0 wanasema "si ni betri ya kumi na mbili, basi iko sawa." Haiko sawa. Ukikuta 10.5 na inagoma kupanda hata ikichajiwa usiku kucha, chumba kimoja kimekufa. Hesabu imetimia, 2.1 imetoka, na hakuna fundi atakayeirudisha.

Lakini kama nilivyosema, kipimo cha betri iliyolala ni nusu ya habari. Ncha za mita ziweke kwenye nguzo zenyewe za risasi za betri, si kwenye vichwa vya waya, mtu abonyeze kwa sekunde tatu. Hapa ndipo mambo yanapofunguka, na ningependa usome aya hii polepole. Volti zikianguka chini ya 9.6 na betri ilikuwa imechajiwa, betri ni mbovu, au stata imekwama na inanyonya kupita kiasi. Jaribu na betri nyingine unayoiamini kabla ya kuamua. Volti zikibaki 12 na pointi, hazikutikisika hata kidogo, na sauti ni "ta" moja, maana yake umeme hautembei kabisa: njia nene imekatika mahali, iwe ndani ya rilei, iwe kwenye kaboni za stata, iwe kwenye waya. Na zikibaki katikati, 11 au 11 na nusu, stata inagugumia au haigeuki, kuna mahali zinaliwa njiani. Hiyo ya tatu ndiyo ilikuwa yangu.

Kuitafuta sehemu inayokula ndiyo kazi aliyonionyesha yule mzee, na sijui kwa nini haifundishwi siku ya kwanza gerejini. Weka kwadi fri, breki ya kuegeshea imefungwa, mtu wa pili juu ya kitufe. Mita iko kwenye volti za DC. Kituo cha kwanza: ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye kichwa cha rilei kinachopokea waya huo. Bonyeza, soma. Waya mzuri hausomi zaidi ya 0.2. Kituo cha pili: kichwa kimoja kikubwa cha rilei hadi cha pili. Kabla ya kubonyeza itasoma volti zote 12, usishtuke, ndivyo inavyotakiwa, rilei iko wazi. Ukibonyeza inapaswa kuporomoka hadi karibu sifuri. Ikibaki volti 1 au 2 au zaidi, vinundu vya shaba vilivyo ndani vimeungua, na "ta" uliyoisikia ilikuwa ya uongo, imevuta lakini haikupitisha. Kituo cha tatu: rilei hadi bolti ya stata. Kituo cha nne: ganda la stata hadi nguzo hasi ya betri. Hicho cha nne ndicho watu hukisahau, kwa kuwa hakina waya mwekundu wa kutisha, ni chuma tu na waya mweusi. Pwani ndicho cha kwanza kuharibika. Mimi siku hizi naanza nacho.

Ukijumlisha upande wa chanya wote, usizidi nusu volti. Upande wa ethi, usizidi nusu volti. Ukipata kituo kinachosoma 1.5, umeshika mwizi, na mara nyingi dawa yake ni spana, msasa na dakika kumi. Rangi iliyo chini ya kichwa cha waya wa ethi ikwangue yote mpaka chuma kitoe mng'ao, kisha funga, kisha ndipo upake mafuta juu, si kati.

Kuna mkato ambao mafundi wanaupenda: bisibisi ndefu inalazwa juu ya vichwa viwili vya rilei, cheche zinaruka, stata inazunguka au haizunguki. Sikatai kwamba unatoa jibu. Stata ikizunguka kwa bisibisi na haizunguki kwa kitufe, basi rilei au amri yake ndiyo mbovu. Lakini fikiria mahali ulipo: tangi la petroli juu, mpira wa kabureta wenye unyevunyevu pembeni, na betri ambayo ikitoka kwenye chaja inapumua gesi ya haidrojeni. Zaidi ya hapo, bisibisi inaruka zile swichi zote za usalama. Kama gia iliachwa ndani na kabureta ina mafuta, kwadi itakupanda. Nimeona guu lililopandwa. Mita inatoa jibu lile lile bila cheche.

Nikirudi kwenye betri, kuna mambo mawili ninayoyaona kila msimu. La kwanza, betri mpya kavu inayouzwa na chupa zake za asidi. Inajazwa dukani, inafungwa kwenye kwadi baada ya dakika tano, inatumwa kazini. Betri hiyo haijajaa, na ikianza maisha hivyo haitajaa kamwe. Ijaze, iache itulie walau nusu saa, ichaji kwa moja ya kumi ya uwezo wake, yaani ya 9Ah kwa ampia 0.9 hivi, mpaka ijae, ndipo uifunge. Chaja kubwa ya magari ikiibana betri ndogo kwa ampia 10, inaichemsha. La pili, betri kuachwa tupu. Betri ya risasi ikilala bila chaji, salfeti ya risasi inaganda juu ya sahani zake na kugeuka ngumu, na kwa joto letu jambo hilo halichelewi. Wanaolaumu betri feki, na feki zipo, wajiulize kwanza betri yao ililala tupu wiki ngapi.

Asidi ikimwagika au terminali zikiota ukoga mweupe, koroga magadi kwenye maji ya uvuguvugu, sugua na mswaki wa zamani, suuza, kausha. Yatatoa povu, ndiyo kazi yake. Ukifungua betri anza na hasi, ukifunga maliza na hasi. Sababu si mila: ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, umeunganisha betri nzima kwa spana, na pete kidoleni itakuunguza hadi mfupa.

Inatokea pia kwamba betri ni mpya, imechajiwa, na kila asubuhi ya tatu iko chini. Hapo kuna mambo mawili, ama haichajiwi ikitembea, ama inanyonywa ikilala. Washa injini, mita juu ya betri, ongeza gesi hadi mwendo wa kati: usomaji uwe kati ya 13.5 na 14.5. Ukibaki 12.4 na kushuka, regyuleta au koili za magneto zina tatizo. Chomoa soketi ya nyaya tatu za njano zinazotoka injini, kwa zile zenye tatu, pima volti za AC kati ya kila jozi. Zinapaswa kukaribiana na kupanda pamoja na gesi. Moja ikiachwa nyuma, au waya wowote wa njano ukisomana na chuma cha injini, koili imeungua. Zikiwa sawa zote tatu, mtafute regyuleta. Na ukisoma 15 na nusu na kuendelea, regyuleta imeachia na inaipika betri. Ndiyo maana betri za nyuma zilivimba.

Kunyonywa kuna mtuhumiwa mkuu siku hizi: kile kidude cha kufuatilia mahali chombo kilipo, ambacho tajiri amekifunga kwa siri chini ya kiti, pamoja na alamu ya rimoti. Kila kimoja ni kidogo, lakini hesabu haina huruma. Milampia 50 kwa saa 24 ni 1.2Ah. Betri ya 9Ah itakauka kwa wiki moja na nusu siku, na stata itagoma mapema sana kabla ya hapo. Chomoa waya hasi, weka mita kwenye kipimo cha ampia kati ya waya huo na betri, ufunguo ukiwa umezimwa, na usithubutu kubonyeza kitufe cha kuwashia, utaua fyuzi ya mita. Ikisoma zaidi ya milampia chache, chomoa vifaa kimoja kimoja mpaka ishuke.

Stata yenyewe, mara ile moja katika kumi ambapo ni yeye kweli, usiitupe. Ifungue baada ya kutia alama ya msumari kwenye ganda na kwenye vifuniko, ili virudi vilivyokuwa. Ndani utakuta unga mweusi, maji ya chumvi yaliyokauka, na kaboni zilizolika hadi springi haizisukumi tena. Kaboni zinauzwa peke yake. Safisha, futa mifereji kati ya vipande vya shaba, badilisha kaboni na mpira wa kuzuia maji. Pima pia kwamba bolti ya umeme haisomani na ganda baada ya kuziondoa kaboni. Ikisomana, kuna shoti, hapo ndipo ununue.

Na kama stata inazunguka vizuri na injini haiwaki? Hilo ni shauri jingine, lakini mlango wake wa kwanza bado ni umeme. Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu lake, shika kwa koleo yenye mpira, mtu abonyeze. Cheche ya buluu, tafuta mafuta. Hakuna cheche, anza na kofia ya plagi, ambayo baada ya kuoshwa hujaa maji, kisha ile swichi nyekundu. Kwenye kwadi nyingi ndogo swichi hiyo inazima kwa kuipeleka CDI, kile kiboksi cha cheche, kwenye ethi. Waya wake ukichubuka na kugusa fremu, ni sawa na swichi iliyozimwa siku zote. Mtu hununua CDI, koili na plagi kwa ajili ya mchubuko wa nusu sentimita.

Vijana waliotoka kwenye bodaboda wana tabia ya kusukuma. Pikipiki ya Boxer ina kiki, na ikishindikana inasukumwa, inatiwa gia, inawaka. Kwadi nyingi za kutalii ni za mkanda, klachi yake inashika injini ikishaenda kasi, kwa hiyo ukisukuma magurudumu yanazunguka na injini imelala. Okoa jasho. Azima betri ya gari kwa nyaya za kuunganishia, gari likiwa limezimwa: chanya kwa chanya, hasi ya gari kwenye chuma cha injini ya kwadi mbali na betri.

Nimalizie na chumvi, maana huku ndiyo mama wa yote. Mgeni anataka picha akipita kwenye mawimbi. Mkatalie kwa upole, muonyeshe mchanga mkavu. Jioni suuza kwa maji baridi ya mpira wa kawaida, si kwa mashine ya presha, ambayo inayasukuma maji ndani ya kila soketi uliyotaka kuilinda. Nyanyua kiti, acha upepo upite. Soketi zifungue mara moja kila miezi mitatu, zipulize, zipake mafuta mazito ya kujipaka. Ukikuta waya wa shaba umegeuka kijani, kata nyuma mpaka ufikie shaba nyekundu, hata kama ni sentimita kumi, kwani ukijani unatambaa ndani ya ganda. Masika yakiingia na wageni wakiondoka, chomoa hasi, ichaji betri kila mwezi, na iandikie ubavuni kwa kalamu ya wino mzito tarehe uliyoinunua.

Chini ya kiti cha kiongozi wa msafara wangu kuna mfuko wa turubai: mita ya manjano, spana namba 10, kipande cha msasa, fyuzi mbili, tepu nyeusi na mswaki. Bisibisi ndefu nimeificha nyumbani.